Karatasi Iliyoniozesha kwa Mdogo wa Marehemu

Siku ile nilimtoa mtoto mgongoni, nikamkalisha juu ya rejista ya karani, katikati ya meza, na nepi yake ikiwa imelowa. Alikuwa hajatimiza miaka miwili. Alishika kalamu ya karani akaanza kuitafuna.

“Umuulize yeye,” nilisema. “Umuulize baba yake mupya ni nani.”

Kwenye benchi nyuma yangu walikuwa wamekaa wanawake wengine, kila mmoja na karatasi zake zilizokunjwa ndani ya kitenge. Hiyo ilikuwa mara yangu ya sita kwenda katika biro ile ya zone, yaani ofisi ya wilaya, hapa Kolwezi, kuulizia pensheni ya ujane, ile ambayo sheria humpa mke wa komisere wa watu akifa kabla ya kumaliza muda wake. Mara tano nilikuwa nimesimama kwa adabu, nikasema “pardon, tata”, samahani baba, nikaambiwa nirudi wiki ijayo, nikarudi. Mara ya sita karani alinijibu bila kuinua kichwa.

“Mama, dosiye yako ilifungwa. Weye ulishaolewa. Bwana yako mupya atakulisha. Unatafuta nini tena hapa?”

“Bwana gani?”

“Mudogo ya marehemu. Iko mu karatasi. Na ni weye mwenyewe njo ulileta karatasi.”

Hapo ndipo mtoto aliposhuka mgongoni.

Mume wangu alikuwa komisere wa watu, ndiyo kusema mbunge, kama tunavyowaita miaka hii ya Zaïre. Kabla ya hapo alikuwa karani katika ofisi za mgodi. Wazazi wake walishuka kutoka kaskazini kutafuta kazi ya shaba, naye alizaliwa hapa. Mimi nilikuwa kwa masista, mwaka wa mwisho wa lise, shule ya sekondari, aliponioa. Diplome yangu niliipata nikiwa na mimba ya miezi minne, nimeifunika kwa kitenge, na sista aliyenipa mkono alitazama ukutani.

Chama kilimchagua, halafu watu nao wakamchagua, kwa sababu hapakuwa na cha kukataa. Tangu siku hiyo alikaa zaidi kule mji mkuu kuliko kwake. Akirudi alileta harufu ya hoteli, abakosti, yale makoti rasmi ya chama, za kupiga pasi, na rundo la makaratasi ya mashine ambayo alipenda kunisomea kwa sauti, kwa maana nilikuwa mke pekee katika barabara yetu aliyeweza kumfuata.

Jioni moja alinisomea sheria mpya ya makomisere wenyewe: pensheni yao, matibabu yao, jeneza lao, na kile wake zao watakachopata wao wakifa. Nilikuwa nimeinama juu ya meza, napiga pasi. Alifika kwenye kipengele kinachosema mjane atapokea mpaka siku atakapoolewa tena, na siku hiyo fungu lake linakwisha.

“Na kama komisere ni mwanamuke, anakufa, bwana yake anaoa tena?” nilimuuliza.

Alicheka. “Weye na maulizo yako ya lise. Babwana habakuwaandika mule.”

“Juu ya nini?”

“Juu mujane kijana anapata feza ya Leta, kesho anaikula na mwanaume mwingine. Leta haiwezi kulisha mwanaume ya mwingine.”

Leta ni serikali. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na wajane niliowajua walikuwa na mvi. Nilimwuliza kama kulikuwa na mtu hata mmoja aliyebisha. Akasema waliipitisha kwa makofi, wote, wakiwa wamesimama. Mimi ndiye niliyekuwa nimeipiga pasi ile abakosti aliyoivaa akipiga makofi. Watu hupenda kuniambia nimsamehe marehemu. Mengine nimemsamehe. Lile la makofi bado.

Alikufa mwaka wa tatu wa kazi yake, kule mji mkuu, kwa ugonjwa wa ini. Walimleta kwa ndege, jeneza zuri lenye mishikio inayong'aa, bendera juu. Mwenzake mmoja aliyesindikiza maiti alitoa hotuba kaburini. Alisema, “Baraza haitasahau muke na batoto ba ndugu yetu.” Akakunja bendera mara nne, akaitia mkobani kwa sababu ni ya kazi, akauliza ndege ya kurudi inaondoka saa ngapi. Sijamwona tena. Nasikia yuko hai na amenenepa.

Lakini siwezi kusema uongo: pensheni ilikuja. Nilipeleka cheti cha kifo, cha ndoa, vya kuzaliwa kwa watoto, na baada ya miezi ilianza kutoka katika biro ya zone. Ndiyo iliyotuweka ndani ya nyumba, ndiyo iliyompeleka binti yangu shuleni na viatu, ndiyo iliyonunua maziwa ya huyu wa mgongoni, aliyezaliwa baba yake akiwa tayari kitandani. Sikuwa na kingine. Nilitafuta kazi ya kuandika kwa mashine, wakaniambia mjane wa komisere hawezi kukaa chini ya karani, ni aibu kwa chama.

Sasa, kila mwaka sheria ilitaka karatasi moja inayosema kwamba mjane bado ni mjane. Karatasi hiyo iliandikwa na shefu wa selile, yaani mkubwa wa chama katika mtaa wetu. Na mwezi ule ule karatasi ilipotakiwa, nilimaliza mwaka wangu wa nguo nyeusi, na familia ya mume wangu ikaja kunitoa kilio.

Hapa lazima nieleze desturi yao, maana yote yaliyofuata yametoka hapo. Kwa watu wa mume wangu, mwanamke akifiwa, kifo kinabaki juu yake. Ndugu wa marehemu ndiye anayekitoa. Zamani alikitoa kwa kumchukua mjane awe mke wake. Ikiwa hamtaki, au mjane hataki, kuna njia ya pili: wanakaa wote wawili juu ya mkeka mmoja mbele ya watu, miguu imenyooshwa, wanakunywa maji kikombe kimoja, halafu ndugu anamfunga mjane ushanga mweupe mkono wa kushoto. Akiisha kufunga, anasema kwa sauti, “Kifo kimetoka. Uende.” Anasimama, anaondoka bila kugeuka. Ushanga ule ndio unaosema kwamba hakuna ndoa. Mwenye ushanga ameachiliwa, aolewe na nani, akae peke yake, ni shauri lake.

Mama mkwe wangu ndiye aliyechagua ushanga. Hakuwahi kunipenda. Alisema mwanawe alioa gazeti, maana mara moja alinikuta nasoma na sombe, kisamvu chetu, inaungua. Alipokuja kupanga siku, alikaa kwenye kiti changu akasema, “Huyu mwana wangu mudogo eko na bibi yake. Na mi siwezi kukupata mu familia mara mbili. Tutakufunga ushanga.”

“Aksanti, mama,” nilijibu, na kweli nilishukuru.

Basi tulifanya, hapa uani kwangu, mchana, jua likiwa kali juu ya nyaya zile kubwa za umeme kutoka bwawa la Nzilo zinazopita juu ya mtaa wetu bila kutuwashia hata taa moja. Bulamu wangu, yaani shemeji, mdogo wa mume wangu, alikaa nami mkekani. Tulikunywa maji. Shefu wa selile alikuwepo, kama jirani na kama mkubwa, amekaa kwenye kiti cha mbele na abakosti yake. Yeye ni wa asili ya Kasai. Babake aliletwa kufanya kazi ya mgodi, na mambo ya watu wa kaskazini hayajui zaidi ya ninavyoyajua mimi mambo ya Wachina. Hilo si kosa. Alikula mapaja mawili ya kuku, aliona mkeka, aliona kikombe kimoja, aliona bulamu ananishika mkono na kunifunga kitu, na kabla ya maneno kusemwa alisimama akaenda zake kusimamia mazoezi ya kuimba na kucheza ya chama. “Uende” yeye hakuisikia. Na hakuuliza. Kwa akili yake alikuwa ameshuhudia arusi.

Wiki iliyofuata nilimwendea kwa ile karatasi. Alikuwa ameshaiandika. Alinipa bahasha iliyobandikwa, na kashe ya chama, yaani muhuri, imegongwa juu ya mdomo wa bahasha.

“Upeleke vile vile, mama. Usifungue. Ni siri ya Leta. Na félicitations.”

Nilifikiri ananipongeza kwa kutoka kilioni. Nilimshukuru. Nikaipeleka kwa miguu mpaka biro ya zone, mtoto mgongoni, nikaikabidhi kwa mikono miwili. Mimi, mwenye diplome, niliyefundishwa na masista kusoma kila kitu kabla ya kutia sahihi, nilibeba karatasi ya kunizika na sikuifungua kwa sababu ilikuwa na kashe. Kuna siku nawachukia wote katika hadithi hii, halafu nafika hapo kwenye bahasha, najichukia mimi zaidi.

Tangu mwezi huo pensheni haikutoka tena, na ndiyo maana mara ya sita nilimkalisha mtoto juu ya rejista. Karani alitaka kumwondoa, mtoto akalia, mwanamke mmoja wa benchi akasema, “Umuache mutoto, tata, anangoya jibu,” na wengine wakacheka. Hapo karani alitoa dosiye, jalada langu, akanisomea kwa haraka: aliyetajwa amechukuliwa kimila na mdogo wa marehemu, mbele yetu.

“Ni bongo, ni uongo mutupu,” nilisema.

“Kashe iko.”

“Kashe haina macho. Yule mutu alienda kabla ya mambo kuisha.”

“Mama, mi sikukuwa ku arusi yenu. Kama haiko bwana yako, akuye yeye mwenyewe hapa, aseme haiko bwana yako. Na shahidi ya familia. Uandike malalamiko, tutapeleka kule juu.” Akachukua kalamu yake kinywani mwa mtoto, akaipangusa kwenye suruali.

Kwanza nilipita kwa shefu wa selile. Nilimweleza yote, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema shefu hafuti. Shefu akifuta leo, kesho watu watamletea karatasi zote za mtaa azifute. “Nilikula kuku yenu,” alisema, “nilishuhudia kwa macho yangu.” Nilimwambia angekula polepole angeshuhudia yote. Mlango wake tangu siku hiyo sijaubisha.

Nikaenda kwa bulamu. Yeye ni mfanyabiashara, anapanda treni ya Dilolo na kurudi na samaki wakavu na sabuni za upande wa Angola. Nilimkuta uani anafunga magunia, mkewe anamshikia kamba. Mama yake, ambaye anakaa kwake, alikuwa pembeni anachambua maharagwe.

Nilipomweleza, alicheka mpaka akaachia kamba. “Mi bwana yako? Mi?”

Mkewe hakucheka. “Kumbe niko na mwenzangu ku Leta,” alisema. “Basi akuye kupika hapa, mi nipumuzike.”

“Inatosha ufike na mi ku biro,” nilimwambia bulamu. “Useme maneno mawili.”

Alianza tena kufunga gunia. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga. “Na feza ya batoto?” aliuliza. “Kama mama yao ameolewa, ile ya batoto inapitia kwa nani?”

Nami, mjinga, nilimjibu, kwa sababu nilikuwa nimeisoma sheria na nilipenda kujua: inapitia kwa msimamizi wa upande wa baba. Nilimwona akiipokea ile habari. Macho yake yalitulia.

“Tungoye kiloko, bulamu,” alisema. “Karatasi haiumi mutu. Batoto ni ba kwetu. Feza ipite kwangu, mi nitakuletea. Juu ya nini weye kusumbuka ku mabiro, na mutoto mugongo?”

“Na mi?”

“Weye uko kijana. Utaolewa kweli, siku moja.”

“Ulinifunga mi ushanga, ukasema uende. Batu walisikia.”

“Nilisema. Sasa nani anakufunga? Enda.”

Yaani aliniachilia mbele ya watu, halafu akataka kula kutokana na ndoa ambayo aliikana.

Aliyemjibu ni mama mkwe. Aliweka chini ungo wake wa maharagwe.

“Nani aliandika kama ushanga ni ndoa?”

“Shefu ya selile, mama.”

“Ule Mukasai wa kuku?”

“Ni yeye.”

Alinyoosha mkono wake wa kushoto, akausogeza mbele ya uso wa mwanawe. “Baba yako alipokufa, mudogo yake alinifunga mi ushanga hapa. Hapa. Basi mi nami niliolewa naye? Miaka yote hii bwana yangu eko kule kijijini, sikumupikia hata siku moja. Unipeleke nimuombe pardon.”

“Mama, hii ni mambo ya makaratasi.”

“Ulisema ‘uende’. Ukikula feza ya mutu uliyemuambia uende, kifo hakikutoka. Kiko kwako. Kiko mu ile gunia yako.”

Bulamu alikaza kamba ya gunia. Biro hakwenda. Kesho yake asubuhi alipanda treni ya Dilolo, akisema akirudi tutaongea. Najua watu wa aina hiyo. Wakirudi, wanakuta mambo yamekauka.

Mama mkwe alikuja kwangu peke yake kwa miguu, fimbo mkononi. Hakukaa kwenye kiti nilichompa. “Mi sikupendi,” alisema, “unajua. Lakini ile karatasi inanitukana mi mbele yako. Uandike. Mi nitaweka kidole.”

Niliandika kwa Kifaransa kwenye karatasi za miraba za daftari la binti yangu. Kisha nilimsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na yeye alinisimamisha kila mara. Alinifanya nitoe maneno matatu juu ya bulamu, mwanawe, ambayo yalikuwa ya kweli. Alikataa nimwite shefu mwongo. “Mutu ya bongo anajua ukweli,” alisema. “Huyu hajui kitu.” Nilipofika kwenye kile kipengele cha makofi, alisikiliza, akauliza, “Ni mwana wangu njo alikubali ile?” Nikasema ni yeye, pamoja na wenzake wote. “Uiache mule mule,” alisema.

Tulikwenda pamoja. Karani alitaka kuichukua tu na kuiweka kwenye trei. Nilimwambia sitoki mpaka agonge kashe ya kupokea juu ya nakala yangu, na mama mkwe alikaa chini sakafuni mbele ya mlango, fimbo juu ya magoti, hivi kwamba hakuna aliyeweza kutoka wala kuingia bila kumruka. Mkwe wa watu harukwi. Karani aligonga kashe. Nakala ninayo, na haya ndiyo maneno yake, kama nilivyomsomea mama yule kabla ya kutia kidole.

*Kwa Sitwayene (Mwananchi) Komisere, mkuu wa Zone. Nakala kwa ofisi ya Baraza inayoshughulikia wajane wa makomisere.*

*Malalamiko juu ya kufungwa kwa dosiye yangu.*

*Mimi ni mjane wa komisere wa watu aliyekufa akiwa kazini. Pensheni yangu imesimamishwa kwa karatasi inayosema nimechukuliwa kimila na mdogo wa marehemu. Sikuchukuliwa. Siku hiyo nilifungwa ushanga mweupe, na katika desturi ya familia ya mume wangu ushanga huo humwachilia mjane, haumwozi. Aliyeandika karatasi alikuwepo, lakini aliondoka kabla ya maneno ya kuachiliwa kusemwa. Hakuniuliza mimi, wala mama wa marehemu, wala mtu yeyote wa ukoo huo.*

*Mdogo wa marehemu ana mke wake na nyumba yake. Hakuna siku niliyolala kwake wala kumpikia. Aliombwa aje kusema hivyo, hakuja. Naomba aitwe na ofisi yenu, kwa jina, aulizwe mbele ya mama yake.*

*Naomba karatasi hiyo itolewe ndani ya dosiye, na pensheni irudi tangu mwezi iliposimama. Naomba pia fungu la watoto lisipitie kwa mtu mwingine wakati mama yao yu hai na hana mume.*

*Tena nawaandikia wa Baraza. Kipengele chenu kinamfanya mjane athibitishe kila mwaka kwamba hakuna mwanaume juu yake, na kinampa jirani yeyote mwenye kashe uwezo wa kumwoza bila yeye kujua. Mwanaume aliyefiwa na komisere hamkumwomba athibitishe kitu. Mliipitisha kwa makofi. Mume wangu alikuwemo, najua. Nataka mniandikie sababu.*

*Nangoja jibu la maandishi. Nisipolipata nitarudi kila juma, na watoto wote wawili.*

*Sahihi ya mjane. Kidole cha mama wa marehemu, shahidi, asiyejua kuandika, aliyesomewa yote na kuyakubali.*